Korongo: neno lililotozwa mia tano

Wadau, nimepotea kidogo. Siumwi, na wala bumu halijaingia kusema labda nimezama mjini. Ni testi tu, zimefuatana kama mabehewa ya treni. Ila katikati ya hizo testi kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa. Leo Jumamosi usiku wenzangu wa chumba wamekwenda kuangalia mpira, kuna utulivu, nimeona bora nilitoe. Kesho jioni diskasheni yetu inakaa kikao kuamua kama faini ya Kiswahili iendelee au ife, na mimi ndiye mweka hazina wa faini hiyo. Kwa hiyo msidhani nimekaa hapa kuwasema watu wengine. Daftari la madeni liko mezani kwangu, na mwandiko ni wangu.

Kwa wasiotujua: tuko wanane, mwaka wa pili, na kila Jumatano na Jumapili tunakutana kwenye kimbweta cha nyuma ya bweni, chini ya mwembe. Mwanzoni mwa muhula mwenyekiti wetu alileta hoja. Mitihani ni ya Kiingereza, usaili wa kazi ni wa Kiingereza, basi anayefungua mdomo kwa Kiswahili kwenye diskasheni alipe shilingi 500. Tukapiga kura. Saba tukanyoosha mikono. Mmoja hakunyoosha wala hakupinga, aliangalia chini tu. Huyo nitamwita Jamaa, kwa sababu hajanipa ruhusa ya kumtaja.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Ilikuwa Jumatano, tunajiandaa na testi ya mmomonyoko wa udongo. Desa linasema mmomonyoko wa maji una hatua: kuna "sheet", kuna "rill", kuna "gully". Tukawa tunasoma kwa zamu, kila mtu sentensi moja, kama kwaya inayojifunza wimbo wa ugenini. Kwenye "sheet" tulicheka kidogo, maana nadhani sote tuliona shuka la kitandani. Kwenye "rill" hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyeona kitu chochote. Tukafika "gully". Mwenyekiti akauliza maana yake, dada mmoja akaitoa yote bila kukwama, neno kwa neno mpaka nukta ya mwisho. Tukatikisa vichwa. Hakuna aliyeuliza ina kina gani, inaanzaje, au ukisimama ndani yake unaona nini. Tulikuwa tayari kwenda mbele.

Jamaa alikuwa anaukodolea macho mchoro kwenye fotokopi, ule uliofifia mpaka unafanana na doa la chai. Ghafla akapiga paja: "Aa! Kumbe ni korongo!"

Kabla hatujasema kitu akainama, akaanza kuchora kwenye vumbi kwa kijiti. Mvua inapiga udongo uliobaki mtupu, anasema. Maji yanatafuta pa kupita, yanapata njia ya ng'ombe, yanaifuata. Mvua inayofuata yanapita hapohapo. Kijifereji kinakuwa mfereji. Maji yanachimba chini ya kingo, juu zinabaki zinaning'inia na mizizi yake, halafu siku moja zinadondoka. Na pale mwanzo wa korongo, pale maji yanapoporomokea, panakatika kila masika, kwa hiyo korongo linarefuka kurudi nyuma, linapanda kuelekea yanakotoka maji. "Linatembea kurudi mlimani," alisema hivyohivyo.

Wadau, hilo la korongo kurudi mlimani liko kwenye desa, ukurasa wa tano, na limepewa jina refu la Kiingereza ambalo tulishalikariri wiki nzima. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelielewa mpaka kijiti kile kilipolichora.

Mwenyekiti akanyoosha kidole: "Mweka hazina, andika."

Nikaandika. Jamaa, 500.

Sasa ngoja niwaambie kwa nini usiku ule sikulala. Mimi ni mtu wa Kondoa. Anayeijua Kondoa ameshaelewa. Kule kwetu ardhi ililiwa na makorongo mpaka Serikali ikaanzisha mradi maalumu wa hifadhi ya ardhi mkoani Dodoma, HADO, mwaka 1973. Mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilometa za mraba 1,200, ili majani yapate kurudi. Bibi yangu huwa anaanza kusimulia mwaka ule na hamalizi. "Mjukuu wangu, ng'ombe walitoka wakati mmoja, boma likabaki na inzi tu." Nyuma ya nyumba yake kuna korongo. Nimekua naliangalia. Masika tulikatazwa kulisogelea, kwa sababu kingo zinaonekana ngumu juu kumbe chini ni tupu. Mbuzi wetu alianguka humo na tukamsikia akilia kwa chini mpaka giza likaingia. Naijua harufu ya udongo ule. Najua rangi yake asubuhi na rangi yake baada ya mvua.

Na neno "gully" nimelisoma tangu sekondari. Nimelijibu kwenye mitihani, nikapewa alama zangu. Lakini kwa miaka yote hiyo, hata siku moja, sikuwahi kujua kwamba ni LILE. Korongo la Bibi lilikaa upande mmoja wa kichwa changu na "gully" upande mwingine, kama wapangaji wawili wasiosalimiana. Jamaa ndiye aliyewakutanisha, kwa neno moja. Mimi nikamwandikia deni.

Najua mnachotaka kusema: unaleta uchungu wa nyumbani kwenye hoja ya kitaaluma. Haya, twende kwenye taaluma. Nimekaa maktaba siku tatu nikiuliza swali moja: mtu anaposoma, kichwani kunatokea nini? Anashika maneno tu, au anaona?

Mwaka 2002 Rolf Zwaan na wenzake wa Marekani walichapisha jaribio jepesi sana. Msomaji anapewa sentensi kwamba mtu alimwona tai angani. Kisha anaonyeshwa picha ya tai, anaulizwa tu kama kitu hicho kilitajwa, ndiyo au hapana. Picha ziko mbili: moja tai amekunjua mabawa, nyingine ameyakunja. Jibu ni ndiyo kwa zote. Lakini waliosoma habari za tai wa angani walijibu haraka zaidi kwa mabawa yaliyokunjuliwa, na waliosoma habari za tai wa kiotani walijibu haraka zaidi kwa mabawa yaliyokunjwa. Sentensi haikutaja mabawa popote! Ina maana wakati macho yanapita kwenye maneno, akili tayari imemchora tai na umbo lake, bila kuombwa na mtu. Tofauti yenyewe ni sehemu ndogo sana ya sekunde, lakini ipo.

Hao walikuwa wanasoma lugha yao. Sasa ukija kwenye lugha ya pili? Tal Norman na Orna Peleg walichapisha jaribio la namna hiyohiyo mwaka 2022, kwa watu ambao lugha yao ya kwanza ni Kiebrania na Kiingereza wamejifunza baadaye. Kwa Kiebrania, picha yenye umbo linalolingana na sentensi iliwaharakisha. Kwa Kiingereza, faida hiyo haikuonekana. Na hawa hawakuwa watu wasiojua Kiingereza. Walisoma, walielewa, walijibu sawasawa. Ila ule mchoro unaojitokeza wenyewe ulikuwa umepungua.

Kabla ya hapo, mwaka 2018, Sayuri Hayakawa na Boaz Keysar wa Chuo Kikuu cha Chicago walikuwa wameshaliuliza swali hili kwa njia nyingine. Waliwaambia watu wafikirie vitu mbalimbali, kuviona na kuvihisi akilini, kisha waseme taswira imekuja kwa nguvu kiasi gani. Waliotumia lugha ya kigeni walisema taswira zao ni hafifu zaidi. Lakini mtu anaweza kujisemea tu, si ndiyo? Basi wakawapima kwa maumbo pia: vitu vitatu, taja kipi umbo lake haliendani na vingine. Mfano wangu mwenyewe: chungwa, ndizi, mpira. Ukienda kwa maana ya maneno, utautoa mpira kwa sababu si tunda. Ukiviona akilini, utaitoa ndizi. Katika kazi ya namna hiyo watu walikosea zaidi walipokuwa kwenye lugha ya kigeni.

Sasa rudini kimbwetani. Si ndicho tulichokuwa tunafanya? Tulikuwa na maana ya maneno, kamili, mpaka nukta. Umbo hatukuwa nalo.

Na sababu haihitaji shahada kuiona. Neno "moto" hukujifunza darasani. Ulijifunza siku mama alipokupiga mkono usishike sufuria, neno likaingia pamoja na kilio, mvuke na harufu ya mkaa. Neno la Kiingereza ulilopewa kidato cha kwanza liliingia pamoja na nini? Ubao, chaki, na maneno mengine ya Kiingereza yanayolieleza. Ukilivuta, linakuja na lilivyofungwa navyo, yaani ubao na chaki.

Msinielewe vibaya, sisemi Kiswahili kina damu ya ajabu. Neno "ofsaidi" limetoka Uingereza, lakini mtajieni kijana yeyote wa kitaa, ataona mstari, ataona beki amebaki nyuma, ataona mshika kibendera, na atabisha hapohapo. Kwa nini? Kwa sababu ameliishi. Na kwa upande wa pili, neno "usanisinuru" ni Kiswahili fasaha, liko kwenye kamusi, na siku ya kwanza nilipolisikia sikuona jani wala jua. Niliona herufi tu. Kwa hiyo taswira haiji kwa sababu lugha ni ya taifa. Inakuja kwa sababu neno limepita kwenye maisha ya mtu. Wengi wetu hapa hata Kiswahili si lugha ya kwanza, nyumbani ni Kirangi, Kihaya, Kisukuma. Lakini Kiswahili tumekiishi sokoni, kwenye daladala, kwenye ugomvi, kwenye mapenzi. Kiingereza wengi wetu tumekisomea tu.

Sasa niwajibu wenzangu wa kundi, maana hoja zao nazijua. Wiki mbili hizi wamezirudia mpaka nazisikia usingizini.

Wanasema: kuelewa si kuona picha. Hapo kuna ukweli na naukubali. Wapo watu ambao hawaoni picha kichwani kabisa, Adam Zeman wa Uingereza na wenzake waliipa hali hiyo jina mwaka 2015, na watu hao wanasoma, wanafanya kazi, wanafaulu vizuri tu. Na ziko fikra ambazo hazina picha: deni, haki, wastani. Sawa. Lakini somo letu ni la mito, udongo, mawe na miteremko. Vitu vya kushikika! Kama kuna somo ambalo kuona ni nusu ya kuelewa, ni hili. Mkanada Allan Paivio alishaandika tangu mwaka 1971 kwamba kumbukumbu ina njia mbili, ya maneno na ya taswira, na kitu kilichoingia kwa njia zote mbili kinakaa kuliko kilichoingia kwa moja. Ndiyo maana maneno ya vitu vinavyoonekana hukumbukwa kirahisi kuliko ya vitu visivyoonekana. Sisi tunafanya nini? Tunachukua vitu vinavyoonekana, tunavigeuza visionekane, halafu tunakesha kuvikariri kwa njia moja, halafu tunashangaa vimepotea wiki moja baada ya mtihani.

Wanasema: lugha ya kigeni inatuliza akili, inakufanya usiongozwe na hisia. Hili nalo lina utafiti wake. Mwaka 2014 Albert Costa na wenzake walichapisha matokeo ya lile swali maarufu la daraja: treni inakuja kuua watu watano, je, utamsukuma mtu mmoja mnene kutoka darajani ili mwili wake uisimamishe? Kwa lugha yao wenyewe asilimia 20 walisema watamsukuma. Kwa lugha ya kigeni, asilimia 33. Na Hayakawa na Keysar walipolichunguza jambo hili waliona sehemu ya sababu ni taswira: kwenye lugha ya kigeni yule mtu haonekani vizuri.

Mwenyekiti wetu alifurahi sana nilipomwambia. Akasema unaona, Kiingereza kinatufanya tupige hesabu. Kaka, nakuheshimu, lakini soma tena. Mtu hakupungua uzito, wala daraja halikushuka. Kilichopungua ni kumwona. Ukitaka kuchagua mkopo au kukadiria bahati nasibu, huo ubaridi unaweza kukusaidia, sikatai. Lakini sisi tunasomea kwenda kushauri watu kuhusu ardhi yao. Kesho kutwa kuna mtu kati yetu ataandika ripoti kwamba eneo fulani mifugo iondolewe. Inawezekana kweli inatakiwa iondolewe, Kondoa majani yalirudi. Lakini huyo mwandishi nataka alione boma lililobaki na inzi tu. Halafu ndipo apige hesabu yake. Hii ni hofu yangu, sisemi ni matokeo ya utafiti, ila ni hofu ninayoweza kuitetea mbele ya yeyote.

Wanasema: bila kujilazimisha hatutakijua Kiingereza. Hii ndiyo hoja nzito, na hii ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zote. Mimi nakitaka Kiingereza. Jamaa anakitaka kuliko sisi sote. Swali ni kama faini inakileta. Hebu fungueni daftari tuone. Tangu tuanze, makosa 46. Shilingi 23,000, nyingine taslimu ndani ya bahasha, nyingine madeni. Nimejaribu kukumbuka kila kosa lilikuwa nini. Mengi ni mtu alikuwa anauliza, "Samahani, hapo sijaelewa." Mengine ni mtu ameelewa ghafla na amesahau kujizuia. Yaani tumetoza faini maswali, na tumetoza faini kuelewa. Mtu aliyekaa kimya kuanzia saa kumi mpaka saa mbili usiku hadaiwi hata senti. Tumetengeneza kundi ambalo njia ya uhakika ya kutokudaiwa ni kutokuelewa kwa sauti.

Na neno la kigeni halipati taswira kwa kutishwa. Linapata taswira likibandikwa kwenye kitu ulichokwisha kukiona. Mimi leo ukinitajia "gully" naona korongo la Bibi, naona mizizi inaning'inia, nasikia na yule mbuzi. Kiingereza changu kimeongezeka neno moja lililo hai. Nani alinifundisha? Yule tuliyemtoza.

Kuhusu Jamaa sasa. Nimechelewesha kwa sababu hapa ndipo panaponiuma.

Jamaa kwenye daftari anadaiwa 4,500. Makosa tisa. Huyu ni mtu ambaye bumu likichelewa anakula mara moja kwa siku na anatania kuwa yuko kwenye daiti. Baada ya Jumatano ile alikuja mara mbili, akakaa pembeni, hakufungua mdomo. Mara ya tatu hakuja. Nilimwona kafteria nikamuuliza, akasema, "Mwanangu, kule naenda kulipia kukaa kimya, si bora nikae kimya chumbani bure?" Nikacheka. Naona aibu kwamba nilicheka.

Testi ikaja. Swali la tatu: eleza hatua za kutokea kwa "gully" na namna ya kuidhibiti. Mimi niliandika kurasa mbili. Kila sentensi niliyoandika nilikuwa naiangalia ile michoro ya vumbini, kisha naitafutia Kiingereza. Nimepata 16 kwa 20. Jamaa amepata 7. Jamaa! Mtu aliyenifundisha! Nilimwomba anionyeshe karatasi yake. Mambo yote alikuwa nayo, ila sentensi zimevunjika, majina ya kitaalamu hayapo, na mahali pamoja ameandika "korongo" halafu akalikata kwa mistari mitatu, kama mtu anayefuta ushahidi. Ana sapu moja tangu mwaka wa kwanza. Akiongeza hapa, tunazungumzia kudisko.

Diskasheni ilitakiwa iwe mahali pa kubadilishana. Yeye alikuwa anatupa picha, sisi tulitakiwa tumpe maneno. Biashara halali kabisa, na sote tulikuwa tunafaidika. Sisi tukachukua picha, na badala ya maneno tukampa bili.

Na msiseme ni kundi letu tu. Sisi tumeiga. Nani kati yenu hakuwahi kuona mtoto amevishwa kibao shingoni au kuchapwa fimbo shuleni kwa sababu ameongea Kiswahili? Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia 1985. Mimi nimezaliwa baada ya huo mwaka kupita, nimesoma sekondari, nimefika chuo kikuu, na bado naandika testi ya korongo kwa lugha ambayo korongo halionekani. Lakini hilo la taifa siwezi kulimaliza kesho jioni. La kimbwetani naweza.

Kwa hiyo kesho nitasimama na nitasema haya.

Kwanza, faini ife. Taslimu iliyomo kwenye bahasha irudi kwa waliolipa, na madeni yote yafutwe, kuanzia la Jamaa. Kama kikao kitakataa, mtafuteni mweka hazina mwingine. Mimi daftari naliacha mezani.

Pili, kila jambo jipya tulianze kwa kuona. Mtu aeleze kwa lugha yoyote aliyonayo, achore, aoneshe kwa mikono, mpaka wote wanane waseme "tumeona". Hapo ndipo tulete majina ya Kiingereza, tuyabandike moja moja kwenye mchoro. Kisha tufunge madesa, kila mtu aandike aya moja kwa Kiingereza, tusahihishane. Kiingereza kitakuwa kingi kuliko sasa, kwa sababu sasa hivi tuna wimbo tu.

Tatu, tumwendee Jamaa chumbani kwake. Wote saba. Siyo kumwomba arudi kwa hisani yetu. Tukamwombe radhi, na tumwambie sapu yake ni mzigo wa kundi.

Naomba niwaambie kitu cha mwisho. Leo jioni, kabla sijakaa kuandika, nilikwenda kimbwetani peke yangu. Mvua ilikuwa imenyesha mchana. Nilisimama pale tunapokaa siku zote, nikaangalia ukuta wa bweni, pale maji ya paa yanapomwagikia. Kutoka pale hadi kwenye mwembe kuna vijifereji vinne, vyembamba kama vidole, vimechora udongo mwekundu mpaka karibu na mguu wa meza. Nikachuchumaa. Kimoja kimeshaanza kuchimba chini ya kingo.

Ile "rill" ambayo hakuna aliyeiona, tulikuwa tumekanyaga juu yake muhula mzima.

Nawasilisha. Alamsiki.